Parachichi la Málaga: soko liko mlangoni, maji hayapo

Parachichi la Ulaya tukilitaja huku kwetu, akili inakimbilia Njombe, Rungwe au Murang'a, kisha kontena, kisha bandari ya Rotterdam, Uholanzi. Tunasahau kwamba Ulaya nayo inalima. Kusini mwa Hispania, katika eneo la Axarquía mkoani Málaga, milima inazuia baridi ya kaskazini, na tangu miaka ya 1970 miteremko yake imejaa miparachichi na miembe. Sicilia, kisiwa cha Italia, nako wanapanda embe. Valencia, Hispania hiyohiyo, wapo waliong'oa michungwa wakapanda parachichi, maana bei imewachosha na machungwa ya Afrika Kusini yanawabana.

Wanaotetea mkondo huu wa kulima parachichi Ulaya wana hoja nzito. Lori likitoka Vélez-Málaga, mji wa Axarquía, linafika Ufaransa ndani ya siku chache, kwa hiyo tunda linaachwa mtini hadi likomae sawasawa. Letu linakaa baharini wiki kadhaa. Tangu meli zianze kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na kuna mizigo iliyofika imeshaanza kulainika.

Upande wa pili ni maji, na hapo ndipo utetezi unapolegea. Bwawa la La Viñuela, lenye uwezo wa takriban mita za ujazo milioni 165, ndilo tegemeo la mashamba hayo. Ukame ulipokaza, umwagiliaji kutoka bwawani ulisimamishwa, na kufikia mwanzoni mwa 2024 maji yalikuwa chini ya asilimia 10. Wakulima wakapogoa miti hadi ikabaki vigogo, wengine wakaing'oa kabisa. Anayelima nyanya anaweza kuacha msimu mmoja upite akangoja mvua. Mparachichi haungoji: unachukua miaka mitatu minne kuanza kuzaa, na kiangazi kimoja bila maji kinatosha kuumaliza.

Wengine wamegeukia maji taka yaliyosafishwa. Ni jambo la maana, nami naliunga mkono kwa miti iliyopo. Tatizo ni pale yanapogeuzwa kibali cha kupanda zaidi. Mvua kubwa za Machi 2025 zimelipandisha bwawa, na hofu yangu ni kwamba miche mipya itafuata mvua hizo badala ya kufuata hesabu ya maji ya miaka kumi.

Je, sisi tufurahie shida yao? Sidhani. Hass, aina ya parachichi inayouzwa zaidi nje, huko Hispania huvunwa zaidi kati ya Novemba na Aprili. Yetu inashamiri kuanzia Machi hadi Septemba, na katika miezi hiyo anayetusumbua ni Peru. Tena wafungashaji wa Málaga hununua parachichi kutoka Peru, Morocco na hata Kenya ili mitambo yao isilale. Kwa hiyo wanaweza kuwa wateja wetu.

Ila kuna kosa linalowageuza washindani. Kenya inataka Hass iwe na angalau asilimia 24 ya kitu kikavu: kipande cha nyama ya tunda hupimwa, hukaushwa, kisha hupimwa tena. Dalali anayekwepa kipimo hicho akavuna Januari kwa tamaa ya bei anapeleka tunda changa, la majimaji, lisiloiva vizuri, na analipeleka wakati Mhispania ana Hass iliyokomaa, iliyochumwa juzi.