Karasuno hawabembelezani, na ndo maana wanakua

Watu wengi wakiielezea Haikyuu!!, ile ya timu ya voliboli ya shule ya sekondari Karasuno, wanasema ni anime ya urafiki, vijana wanapendana, wanashirikiana, wanashinda, basi. Mi hapo huwa nabisha. Ukiiangalia vizuri Karasuno ni timu ambayo watu wanadaiana kila siku, hakuna anayemwacha mwenzie akae kimya na udhaifu wake, na kwa maoni yangu hicho ndo kitu mwandishi wake, Furudate, alikijua kuliko waandishi wengi wa manga za michezo. Kaandika kuanzia 2012 hadi 2020, sura 402, na ukimaliza unaweza kueleza kila mmoja alianzaje na kaishiaje, hadi wale wa benchi. Kama hujaangalia, humu kuna spoila za kutosha.

Mchezo wenyewe unasaidia. Kwenye voliboli huruhusiwi kuukamata mpira, huruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo, na mna miguso mitatu tu uwe umeshavuka wavu. Kwenye soka staa anaweza kuuchukua katikati akala chenga mabeki wote akafunga mwenyewe, huku hakuna kitu kama hicho, lazima mmoja apokee, mwingine akuinulie, ndo wewe upige. Hilo Kageyama, muinuaji wa Karasuno, lilimkuta vibaya akiwa bado Kitagawa Daiichi, shule yake ya kabla. Walimwita Mfalme wa Uwanja na wala haikuwa sifa, alikuwa anawainulia wenzie mipira kwa spidi anayoitaka yeye huku anawafokea, mpaka kwenye mechi kubwa akainua mpira, akageuka, hakuna aliyeruka. Mpira ukadondoka chini wenyewe. Kocha akamtoa.

Sasa mwandishi mwingine angemfanya Kageyama ajifunze upole, aombe msamaha, yaishe. Haikyuu haikwenda huko, na nitalirudia hili mbele.

Kwanza niongelee Tsukishima na Yamaguchi, wa mwaka wa kwanza Karasuno, maana hawa ndo roho ya msimu wa pili, nasema hivyo bila kusita. Tsukishima mrefu, ana akili, ila anacheza kama mtu anayesubiri kengele ilie aende nyumbani. Sababu yake inauma: kaka yake Akiteru alimdanganya miaka kwamba ni mchezaji tegemeo wa Karasuno, dogo akaenda kuangalia mechi akamkuta kaka mtu yuko jukwaani anashangilia na wengine. Toka hapo akaona kujituma ni kujitafutia maumivu ya bure, hii ni klabu tu ya shule. Wenzie wanamuuliza, wanamchokoza, wapi. Anayekuja kumvunja ni Yamaguchi, rafiki yake wa utotoni, yule mpole anayemfuata nyuma kila siku, kule kwenye kambi ya mazoezi usiku anamkimbilia, anamkamata shati kifuani anampigia kelele kwamba unahitaji nini kingine zaidi ya fahari yako mwenyewe? Tsukishima anabaki anamshangaa. Mi naiona ile kama tendo kubwa la upendo kuliko kukumbatiana kokote ndani ya anime nzima, kwa sababu Yamaguchi aliweka rehani urafiki pekee alionao ili mwenzie aamke. Ndo maana msimu wa tatu kwenye fainali na Shiratorizawa, Tsukishima anapomzuia Ushijima, mpigaji wao hatari, pale wavuni halafu anakunja ngumi anapiga kelele, yeye ambaye hajawahi kupiga kelele, unalia. Msimu una episodi 10 tu, mechi moja, seti tano, na ile bloku moja inabeba uzito wa msimu mzima uliopita.

Na Yamaguchi mwenyewe anadaiwa pia. Ndo fresha, yaani wa mwaka wa kwanza, pekee asiyeanza mechi, akaamua kujifunza sevu ya kuruka inayoyumbayumba hewani, akaenda kwa Shimada, mchezaji wa zamani wa Karasuno, usiku usiku kufundishwa. Halafu anapoingizwa kwenye mechi na shule ya Wakutani Minami anaogopa, anapiga sevu ya usalama. Kocha Ukai anawaka. Yamaguchi anajua kabisa kwamba kakimbia, anaomba apewe nafasi nyingine, na mechi na shule ya Aoba Johsai anailipa hiyo nafasi. Ile sura yake akiwa anatembea kwenda nyuma ya mstari na mpira mkononi, uwanja mzima unamwangalia yeye tu, hapo ndo utaona kwamba hata kwenye mchezo wa timu kuna sekunde nane hamna wa kukusaidia.

Sugawara naye apewe heshima yake, mwaka wa tatu, kapokonywa namba na mtoto wa mwaka wa kwanza, Kageyama, na bado ndo anayemfundisha huyo mtoto namna ya kuongea na watu.

Hinata, yule mpigaji mfupi, wengi wanampenda kwa kuruka, mi nampendea ule ujasiri wa msimu wa nne. Kageyama kaitwa kambi ya vijana ya taifa, Tsukishima kaitwa kambi ya mkoa wa Miyagi, yeye hajaitwa popote, akavamia hiyo ya Miyagi bila mwaliko. Kocha Washijo wa Shiratorizawa akamwambia hapa hakuna namba yako, na kosa la kwenda vile ni lake kweli, walimu wake walimgombeza. Akabaki kuwa mwokota mipira. Siku zote zile anaokota, anafuta sakafu, anaangalia miguu ya wapokeaji inakaaje kabla mpira haujapigwa, na akitoka pale anajua kupokea.

Narudi kwa Kageyama. Anatoka kambini, kwenye mechi ya mazoezi na shule ya Date Kogyo anawafokea tena wenzie, halafu anashtuka mwenyewe, anaogopa yale ya zamani yanarudi. Hinata anachukua taulo anamvika kichwani kama taji. Anamwambia kwa maneno yake kwamba ufalme una ubaya gani, sisi tusipokubaliana na unachosema hatutakusikiliza tu. Tsukishima anajibizana naye palepale, na mechi inaendelea. Yaani hawakumtaka awe mpole, walichofanya ni wao kukua mpaka kelele zake zisiwatishe tena, na kule Kitagawa Daiichi hakukuwa na mtu wa kumjibu, kulikuwa na watu wa kunyamaza tu mpaka siku wakaacha kuruka.

Kuhusu ile filamu ya 2024 ya mechi dhidi ya Nekoma, wapinzani wao wa Tokyo, naipenda, ila dakika 85 kwa mechi ile ni kumwonea Kuroo, kapteni wa Nekoma, mtu aliyemfundisha Tsukishima kuzuia kisha akazuiwa na mwanafunzi wake. Hiyo sehemu kaisomeni kwenye manga.