Anayeuguza hayumo kwenye hesabu

Mwaka jana shangazi yangu alimuuguza mwanawe hospitali kwa siku 16. Usiku wodi nzima ilikuwa na muuguzi mmoja, kwa hiyo kumgeuza mgonjwa, kumwosha, kumlisha, kupeleka sampuli maabara, hata kuamka kutazama kama dripu imeisha, vyote alivifanya yeye. Alilala sakafuni, kanga moja chini na nyingine juu. Genge lake la mboga lilifungwa muda wote huo na mtaji ukaishia kwenye nauli, uji na dawa walizoambiwa wakanunue nje. Bili ya hospitali yenyewe ilikuwa ndogo.

Tangu hapo, kila nikisoma taarifa inayopima ufanisi wa mifumo ya afya namtafuta shangazi humo. Simwoni.

Kipimo kilichozua mjadala mkubwa kuliko vyote ni cha Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2000. Lilipanga nchi wanachama wote 191. Ufaransa ikawa ya kwanza. Marekani, iliyozishinda zote kwa matumizi ya afya kwa kila mtu, ikaangukia nafasi ya 37. Kenya ilikuwa ya 140, Uganda ya 149, sisi Tanzania ya 156. Walichukua fedha za afya na miaka ambayo wananchi wamekaa shuleni, wakakadiria nchi yenye uwezo huo ingeweza kufika wapi, kisha wakatazama imefika wapi. Wazo hilo nalipenda, kwa sababu halimdai maskini afanane na tajiri. Kwenye upande wa kugeuza fedha kuwa afya, Oman iliongoza dunia nzima, nchi ambayo mwaka 1970 hospitali zake zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Lakini nchi nyingi hazikuwa na takwimu kamili, mapengo yakajazwa kwa makadirio, lawama zikawa nyingi, na WHO haijarudia tena orodha ile.

Mimi lawama yangu ni nyingine. Fedha zilizohesabiwa ni zile za serikali, za bima na zinazotoka mfukoni mwa mgonjwa. Kazi ya anayeuguza haina bei, basi haiingii. Matokeo yake, hospitali ikipunguza wauguzi na ndugu wakaziba pengo, kwenye karatasi matumizi yameshuka, wagonjwa wamepona vilevile, na ufanisi umepanda! Gharama ipo palepale, imehamia tu kwa mwenye genge.

Mwaka 2010 WHO hao hao walikadiria kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya fedha za afya duniani hupotea bure. Nakubali upotevu upo, nimeona mashine mpya zikikaa na nailoni zake miezi. Ninachoogopa ni mshika bajeti asikie neno ufanisi, akimbilie kukata ajira za wodini kwa kuwa huko hakuna atakayemdai risiti.

Kuhesabu hili si kazi ngumu. Mgonjwa akipewa ruhusa hupita dirishani kukamilisha malipo. Hapohapo ndugu yake aulizwe: umekaa naye siku ngapi, umenunua nini nje, umeacha kazi gani? Majibu yaandikwe kwenye faili na yapande hadi wizarani pamoja na takwimu nyingine. Shangazi angejibu papo hapo: siku 16, glavu, sindano na antibayotiki, na genge ambalo limefunguliwa tena kwa mkopo wa kikoba.