Passo ni gari, acheni kumvunja moyo aliyeinunua

Juzi kwenye shughuli ya ukoo kule Tabata nimeudhika na mpaka leo bado nina kinyongo. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ni nesi, kadunduliza miaka mpaka kapata Toyota Passo yake, siku hiyo kaiosha inang'aa kaja nayo kwa mara ya kwanza. Hata hajazima injini vizuri mjomba mmoja anamwambia mbele za watu, "Mwanangu, hela yote hiyo umeenda kununua bebiwoka? Si ungevumilia kidogo ukachukua gari ya maana." Watu wakacheka, yeye akacheka nao, ila macho yake niliyaona. Usiku kanipigia simu ananiuliza aiuze au vipi.

Usiuze dada. Na wengine mnaotaka kununua msikubali kuyumbishwa na maneno ya namna hii, maana nimeona watu wamekopa wakachukua migari ya injini kubwa ya cc 2400 kwa ajili ya macho ya watu, sasa hivi imepaki nyumbani imefunikwa turubai na mwenyewe anagombania daladala.

Gari ya mjini inapimwa kwenye foleni jamani. Huyu binti anatoka Kinyerezi anakwenda kazini Upanga, anapita Tabata, Buguruni, Ilala, na pale Buguruni asubuhi unaweza ukakaa gia iko D, mguu kwenye breki, AC inapuliza, hausogei hata hatua. Muda wote huo injini inakunywa tu na hakuna kilomita unayopata. Ndiyo maana cc 996 za Passo hii zina maana sana kwa mtu wa Dar, pistoni 3 tu, inanusa mafuta. Karatasi za Japani zinaandika kilomita 20 na ushee kwa lita moja, kwa foleni zetu hiyo usiitegemee, lakini weka wese la hela ile ile kwenye gari ya cc 2400 halafu mfuatane njia hiyo hiyo wiki nzima uone nani anarudi sheli mapema. Na hata kwenye kuagiza, gari isiyozidi cc 1000 haina ule ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, unabaki na wa uchakavu, yaani umri wa gari, na mengine.

Halafu paking. Passo ina urefu wa kama mita 3.6 tu, Kariakoo inaingia sehemu ambayo mwenye gari kubwa anazunguka mtaa mara tatu. Zile za mwanzo, za 2004 mpaka 2010, nyingi siti ya mbele imeungana na gia iko juu karibu na stelingi, sasa ukibanwa ukutani upande wa dereva unateleza tu unatokea mlango wa kushoto. Kitu kidogo, ila kwa anayepaki mitaa ya Kariakoo ni raha.

Mafundi wengine watakwambia hiyo siyo Toyota ni Daihatsu. Ndiyo, Daihatsu ndiye anayeiunda na kwake inaitwa Boon, kwani shida iko wapi? Injini ni 1KR, ile ile ya Vitz ya cc 1000 za kuanzia 2005, na spea zake Gerezani zimejaa.

Nakubali, safari ndefu siyo yake. Mkiwa watano na mizigo mnaelekea Moro, basi likiwapita Chalinze mnaisikia gari inasukumwa na upepo. Na ikitokea ajali, kigari chepesi hakiwezi kukukinga kama kikubwa, hilo silibishi. Masika usijaribu maji ya Jangwani nayo, ingawa wenye magari makubwa pia nimewaona wamekwama pale pale.

Lakini mjomba anayecheka hajui mtu akitoka shifti ya usiku anasimamaje kituoni peke yake na begi kalikumbatia, anaangalia kila bodaboda inayopunguza mwendo. Huyu binti kasimama hivyo miaka. Sasa anafunga milango yake na anafika kwake salama. Hicho ndicho alichonunua, na kakinunua kwa jasho lake, hajamwomba mtu.

Kwa unayetaka kuchukua ya mkononi, usiijaribu alfajiri barabara ikiwa nyeupe. Nenda nayo saa saba mchana jua likiwa kali, washa AC, weka D, kanyaga breki, tulia dakika kadhaa kwenye foleni. Kutetemeka kidogo ni kawaida ya pistoni 3, ila kama dashibodi nzima inagonga na mngurumo wa injini unapanda unashuka, mauntingi, yale mapira yanayoshika injini, zimekufa au kuna kingine, mwambie fundi wako aangalie kabla hujatoa hela. Sikiliza ikiwashwa ya baridi, hii inatumia cheni, haina mkanda wa timing, na aliyekuwa hamwagi oili kwa wakati utaisikia cheni inalia. Za kuanzia 2010 nyingi zina gia boksi ya CVT, ile isiyo na hatua za gia, na inataka oili yake maalumu, kwa hiyo muulize muuzaji alikuwa anaweka oili gani. Akikujibu aliweka ATF, ile oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, rudisha ufunguo ukatafute nyingine, ziko nyingi mjini hapa.