Hewa ya Kisumu, Vumbi la Nakuru

Niambieni ukweli, nyinyi watu wa pikipiki: kuna hata mmoja wenu aliyewahi kusikia pikipiki ikisema haipumui? Ya kwangu, 150 ya Kihindi ya kawaida tu, miaka minne haikunung'unika. Mlima iliupanda pole pole kama mzee anayefuatilia pensheni yake, lakini ilifika. Kisha shemeji akaja.

Shemeji ni ndugu ya mke wangu, anaendesha boda Kisumu, pande za Kondele. Alikuja kututembelea siku mbili, akakaa kumi na moja. Siku ya tatu, akiwa ameshiba, alitoka nje na kijiti chake cha meno, akaiwasha nduthi, akaivuta mafuta mara mbili tatu, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia watu wa mgonjwa.

"Shemeji, hii kitu haipumui. Imezibwa pua."

Akafungua kifuniko cha pembeni, akanionyesha sanduku jeusi la plastiki, na ndani yake kipande cha sponji kilicholowa oili. Akaniuliza: wewe nikikutwisha gunia la viazi uupande mlima wa Mau Narok, halafu nikufunge kitambaa puani, utafika? Nikasema sitafika. Akasema, "Basi."

Hiyo "basi" ndiyo neno la bei ghali zaidi lililowahi kutamkwa katika ploti yetu, na mimi naishi ploti moja na mama anayeuza viwanja.

Jumamosi hiyo tulilitoa sanduku. Mahali pake tukafunga chujio la koni, lile la wavu unaong'aa lenye ukanda mwekundu, shilingi 650, moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta, ile inayochanganya hewa na petroli. Lilipendeza, siwezi kukataa. Sanduku nikalitupa chini ya kitanda. Sponji nikaiacha karibu na bomba la nje, ikauke. Kumbukeni hiyo sponji, kwa sababu mimi niliisahau.

Kuwasha, ee! Sauti ilibadilika. Zamani ilikuwa inasema "tu-tu-tu" kwa adabu, sasa ikawa inanguruma kama ina deni la mtu. Shemeji akapiga makofi, kesho yake akapanda matatu kurudi Kisumu. Watu wa ushauri huwa hawakai kuona matokeo.

Jumatatu nikatoka nayo kwenda kazini. Nikivuta mafuta, inashika pumzi kwanza, inafikiria, ndipo inaenda. Nikiyaachia kwenye mteremko, silensa inapiga, "Pa!" Askari wa benki akanitazama jicho ambalo sikulipenda. Jioni nikirudi Kaptembwa, mtaa wetu hapa Nakuru, "Pa!" tena mlangoni mwa Mama Njeri, na kuku wake wakaacha kutaga. Hayo ni maneno yake. Mimi nilijua hao kuku walistaafu kitambo, lakini utabishana vipi na mama wakati silensa yako bado inatoa ushahidi?

Nikafungua plagi. Ilikuwa nyeupe pe, kama jino la mtoto. Kijana wa mlango wa nne, anayesoma uhandisi, akaniambia hiyo ni njaa. Hewa nimeiongeza, mafuta ni yale yale ya zamani, kwa hiyo injini inakula ugali bila mboga, na inachemka kupita kiasi. Akaniambia kilo moja ya petroli, ili iungue yote, inataka kilo 14.7 za hewa. Nikamuuliza ni nani huko kiwandani alikaa na mizani akapima hewa. Akacheka akasema hizo kilo ni zaidi ya lita 12,000 za hewa. Lita 12,000! Sisi hapa maji yakija lita mia mbili tunaimba.

Nikampigia shemeji. Alikuwa stegi, nasikia kelele. "Sasa umeifungua pua, umesahau tumbo. Weka jeti kubwa. Mimi yangu inakimbia na 125."

Jeti, kwa wale ambao Mungu amewaepusha, ni kamsumari ka shaba kenye tundu katikati, na petroli hupita humo. Namba ikipanda, tundu limepanuka. Yangu ilitoka na 110. Dukani mjini nikaomba 125, kijana akapekua droo, akasema, "125 imeisha, lakini iko 130, ni ndugu mmoja." Nikachukua ndugu.

Jumapili baada ya kanisa nikatandika gunia kivulini, nikachukua sinia la mke wangu la kuchagulia mchele, nikaanza upasuaji. Nawaambia, kabureta ni familia. Kuna jeti ndogo, inayolisha injini ikiwa inaunguruma tu imesimama. Kuna sindano, inayoamua mambo ya katikati. Na kuna jeti kubwa, ambayo haiamki mpaka uvute mafuta hadi mwisho, kama kijana wangu wa kwanza siku za likizo. Ukimgusa mmoja, wengine wananuna.

Jeti ilitoka vizuri. Mimi kwa tamaa nikaona na sindano pia niiguse. Ile sindano ina mikato mitano kichwani, na katika mmoja wa mikato hiyo kunakaa kipini chenye umbo la herufi E, kadogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Ukikishusha kipini, sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Nikakisukuma kwa ncha ya bisibisi. Kikasema "ting", kikaruka hewani, nikakiona kiking'aa kwenye jua, kikaanguka mchangani hatua tatu kutoka nilipoketi. Kabla sijanyanyua goti, kuku wa Mama Njeri akakidona.

Mimi na kuku tukaangaliana. Akameza.

Mama Njeri alisema kuku hauzwi, ni wa mayai. Nikamkumbusha kwamba alisema hatagi. Akasema sasa atataga kwa sababu Jumapili huwa siwashi pikipiki. Tulikubaliana shilingi 1,200. Nilimchinja, nikapasua firigisi mbele ya watoto wote wa ploti: mawe manne madogo, kipande cha kioo, punje za mahindi, na kifungo cha shati ambacho mwenyewe alikuja kukidai. Kipini hakuna. Mpaka leo sijui kilikwenda wapi, na kusema kweli mchuzi niliunywa kwa tahadhari. Kipini kingine dukani kilinigharimu shilingi thelathini.

Basi nikaunganisha, nikaiwasha. "Pa" ikaisha! Nikaona shemeji ana akili. Nikazunguka mtaani, moshi mweusi kidogo nyuma, nikasema si kitu, ni petroli inayoimba. Baada ya siku tatu nikaona kipimo cha mafuta kinashuka kama chumvi kwenye mvua. Tangi lililokuwa linanipeleka wiki nzima sasa linaisha Alhamisi. Na mjue bei ya petroli Kenya hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi, na sisi tarehe hiyo tunaisubiri kama matokeo ya mtihani wa mtoto tunayejua hakusoma.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Mau Narok kuchukua viazi, kama ilivyo desturi yangu. Njoro nikapita vizuri. Mlima ulipoanza kukaza, nikamwambia mnyama, haya, onyesha hiyo pumzi. Nikavuta mafuta mpaka mwisho. Akatoa moshi kama jiko la mkaa lililomwagiwa maji, akakohoa, akatetemeka, akazima. Nikapiga kiki mpaka goti likaanza kuniita kwa jina. Nikafungua plagi: nyeusi tii, inanuka petroli, mbichi.

Nikiwa nimechuchumaa pale, ukatokea mkokoteni wa punda wawili, umejaa kabeji. Ulinipita pole pole sana, niliona hata kope za punda. Kijana wa mkokoteni akasimama hatua chache mbele.

"Mzee, tukubebe?"

"Mimi?"

"Wewe na hiyo yako."

Shilingi 300. Pikipiki ikalazwa juu ya kabeji, mimi nikakaa kando yake nimeushika usukani isiteleze, na punda wakapanda mlima ule bila jeti yoyote. Tulipita shule, watoto wakanipungia mkono. Nikawapungia. Ningefanya nini?

Jioni kijana wa uhandisi akanifafanulia, na hapa ndipo niliposikia uchungu wa kweli. Kisumu iko ziwani, mita kama 1,130 kutoka usawa wa bahari. Nakuru ni karibu 1,850. Ukitoka kule kuja huku, hewa inapungua uzito kama asilimia saba, na Mau Narok iko zaidi ya mita 2,500, huko ndiko nyepesi kabisa. Hewa ikipungua, mafuta nayo yapungue. Kumbe shemeji alinipa dawa ya mgonjwa mwingine! Jeti yake inalewa hewa nzito ya Ziwa Victoria, inapepewa na upepo wa omena, halafu mimi naipakua hapa juu, tena kaka yake 130, nashangaa kwa nini inatapika.

Na bado. Fundi wa jua kali alipotoa lile koni, aliingiza kidole kwenye mdomo wa kabureta, akakitoa, akaninyooshea bila kusema kitu. Kilikuwa chekundu. Vumbi laini kama poda. Angepanda sukuma pale, ingeota. Watu husema Nakuru ni jina la Kimaasai, maana yake mahali pa vumbi, na mimi katika mji wenye jina hilo, mtaa usio na lami, nilitoa sponji yenye oili ya kunasa vumbi nikaweka wavu wa kupendeza. Fundi akasema vumbi likiingia silinda ni msasa, linakula ringi.

"Zangu zimelika?"

"Hizo tutazifikia, mkubwa," akasema, akajifuta kidole kwenye suruali. Sikupenda huo wingi wa "tutazifikia".

Nikaamua kila kitu kirudi. Jeti ya 110 nilikuwa nayo kwenye mkebe wa mafuta ya kujipaka, ndicho kitu pekee nilichokitunza. Sanduku nililikuta chini ya kitanda, binti yangu Akinyi amelifanya nyumba ya mwanasesere wake, akanidai fidia ya kumhamisha, nikamlipa mandazi mawili. Bado sponji. Karibu na bomba haipo.

"Mama Akinyi, kuna sponji niliiacha hapa."

"Ile nyeusi? Ilikuwa imejaa oili, nikaiosha vizuri na sabuni. Nzuri sana kwa sufuria ya samaki, Baba Akinyi, hata ukoko inatoa."

Wiki tatu. Omena, mbuta, siku moja tilapia wa kukaanga. Dukani waliniambia mpya ya saizi hiyo wataagiza, nirudi mwezi ujao. Nikaichukua jikoni, nikaifua mara nne, nikaikausha, nikaipaka oili ya injini kidogo, nikaikamua, nikairudisha pangoni kwake. Plagi sasa inatoka rangi ya chai ya maziwa, kijana wa uhandisi anasema hiyo ndiyo afya. Mlima inapanda kama zamani, pole pole, kizee.

Ila injini ikishapata moto, ile sponji inakumbuka ilikotoka. Nikiegesha tu nikigeuka, paka wa ploti wamejipanga. Jana nimewahesabu watano, mmoja amelala juu ya tangi, na yule wa Mama Njeri anakwaruza kifuniko cha pembeni anataka afunguliwe.