Bruce Penhall: bingwa wa spidiwei aliyekimbilia televisheni

Agosti 1982, kwenye uwanja wa Coliseum mjini Los Angeles, Bruce Penhall alitwaa ubingwa wa dunia wa spidiwei, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo, mara ya pili mfululizo. Papo hapo jukwaani akatangaza kustaafu. Alikuwa na miaka 25, na nafasi ya kurutu wa polisi wa pikipiki katika tamthilia ya CHiPs ilikuwa tayari mikononi mwake.

Wanaomlaumu wana hoja nzito. Tangu Jack Milne mwaka 1937, hakuna Mmarekani aliyewahi kuwa bingwa hadi Penhall aliposhinda Wembley 1981. Mchezo ulikuwa umempata mtu wa kuuingiza kila nyumba kwao, naye akaondoka. Tena aliondoka na deni. Katika mbio ya 14 ya fainali ile ya 1982, Mwingereza Kenny Carter, mpinzani wake mkubwa, alianguka walipokuwa wakigombea kona, na mwamuzi akamwondoa Carter. Wiki chache kabla, katika mbio za mchujo kwenye uwanja wa White City, London, Penhall alionekana akisuasua nyuma ya Wamarekani wenzake ili wafuzu hatua inayofuata, umati ukamzomea. Mambo kama hayo hujibiwa uwanjani. Fainali ya 1983 ilifanyika Norden, Ujerumani Magharibi, akashinda Egon Müller. Penhall hakuwepo, na ubishi kuhusu kuondolewa kwa Carter haujaisha hadi leo.

Hata hivyo, tukumbuke alichokiacha. Pikipiki ya spidiwei haina breki, ina gia moja, na madereva wanne huingia kona pamoja huku gurudumu la nyuma likiteleza kwenye udongo. Anayetoka humo na viungo vyake vyote hadaiwi maelezo na mtu.

Kwenye uigizaji wenyewe hakung'ara, lazima tuseme. CHiPs ilifungwa 1983, Penhall akiwa ameigiza msimu mmoja tu; baadaye akaonekana katika filamu za mapigano za bajeti ndogo, kama Savage Beach ya 1989. Lakini CHiPs haikumtafuta kwa uigizaji. Ilitaka sura yake na pikipiki yake, hata ikatumia picha za fainali ya Los Angeles katika kipindi chake kimoja.

Mimi namtetea kwa kustaafu. Kwa White City simtetei: watazamaji walilipa kuona mashindano, na bingwa wa dunia aliwanyima.