Tumaini la Kikatoliki chuoni halimwambii mwanafunzi anyamaze

Tangu Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, lawama moja inasikika sana Kisumu na Nakuru: kwamba Misa na rozari zinawazoesha wanafunzi kuvumilia yasiyovumilika. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, umechelewa, wahadhiri wamegoma, na padre anahubiri tumaini.

Lawama hiyo ina uzito. Mwanafunzi aliyelemewa na msongo wa mawazo akiambiwa asali tu, bila kupelekwa kwa mshauri nasaha, ametelekezwa. Hutokea, na halina utetezi.

Ila wengi wanaolaumu hawajayasikiliza mafundisho yenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba kinachotumainiwa ni chema, hakijafika, ni kigumu kukipata, lakini kinawezekana. Huo ugumu ndio unaosahaulika. Ndiyo maana Kanisa linataja dhambi mbili dhidi ya tumaini: kukata tamaa, na kujihakikishia kwamba mambo yatajipa tu. Anayemwahidi kijana wa Chuo Kikuu cha Maseno kazi baada ya digrii, mradi atoe sadaka, yumo katika hiyo ya pili.

Kisha kuna jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya waumini wachache wanaokutana kusali, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970. Chuoni wanajumuiya hubanana kwenye chumba cha hosteli, wengine kitandani, wengine sakafuni. Injili ya Jumapili ikishasomwa, huulizwa nani hajaonekana. Kumbe fulani amefungiwa chumba kwa sababu hajalipa kodi ya chumba na anaona haya kusema. Wawili wanatumwa wakamtafute, mchango unaanza kuingia kwa M-Pesa usiku uleule. Katika ukumbi wa mihadhara wenye mamia ya watu, nani angegundua kwamba hayupo? Mfumo wa serikali wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanza 2023 huwapanga wanafunzi kwa hali ya uchumi ya kwao, lakini fomu haioni kwamba biashara ya mama ilifungwa mwezi uliopita. Wenzake wa jumuiya wanajua.

Kweli, mchango huo haulipi karo, na hauiondolei serikali wajibu wake. Maaskofu wenyewe waliikemea serikali hadharani Novemba 2024, kuhusu uongo na mzigo wa kodi. Tumaini halikuwaziba midomo.

Linalobaki ni kwa mapadre walezi wa vyuo: wamtafute mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, na namba yake isomwe kila Jumapili pamoja na matangazo mengine.