Sikuwa Naomba Radhi, Nilikuwa Nimeganda

Ile picha mmeshaiona. Mimi nimepiga magoti uani kwa wakwe, kichwa nimeinamisha, mama mkwe kasimama mbele yangu mikono kiunoni. Aliyeipiga kaisambaza na maneno "mkwe akiomba radhi," na tangu hapo simu yangu haina amani. Shangazi kanipigia kuuliza nimemfanya nini mtoto wa watu. Mwingine, hata simjui, kaniombea dua ndefu.

Sikuwa naomba radhi. Goti la kulia lilikuwa limeshikwa na gundi.

Sasa nisikilizeni mimi mwenye goti. Kazi ngumu ya ule ua ilikuwa imeshakwisha. Vijana wanaojua walishachimba udongo, wakamwaga kokoto, wakashindilia kwa mashine, wakatandika kile kitambaa cha kuzuia magugu. Kilichobaki ni nyasi bandia zenyewe. Mbele ya mashemeji wote nikasema, "Hapo niachieni mimi, hilo si zulia tu?" Mke wangu akaingia ndani bila kusema neno. Huyo tumeishi naye, dalili anazijua.

Na vifaa nilikuwa navyo, hapo msinisingizie. Utepe wa kuungia wenye upana wa sentimita 30, gundi ya kuchanganya makopo mawili, mwiko wenye meno, misumari ya U, mchanga wa silika, ufagio mgumu, kisu cha wembe na nyembe za akiba. Hata glavu. (Glavu bado ziko kwenye mfuko wake, mpya kabisa, anayezitaka aseme.)

Nyasi bandia hukatwa kwa mgongoni. Ukikata kwa juu unazinyoa, na zikishanyolewa haziwezi kuota tena. Kwa hiyo unalipindua zulia, unatafuta mistari ya mshono, unapitisha wembe katikati ya mstari na mstari. Hilo nililijua, na nililitangaza kwa sauti ili na rafiki yangu ajue kwamba nalijua. Pale uani kuna chemba, mfuniko wake wa duara, upande wa kushoto. Ilibidi nyasi zitobolewe hapo ili siku ikiziba pafunguke. Nikapima kutoka ukuta wa kushoto, nikaandika vipimo kwenye kiganja, nikapindua zulia, nikapima tena kutoka kushoto, nikakata. Duara safi! Nililikata polepole ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake.

Mlioelewa tayari, nyamazeni, waacheni wenzenu wafike.

Tukalipindua zulia, tukalinyoosha. Chemba ikapotea. Kule kulia, mahali pasipo na chochote, kuna tundu la duara linatazama mbingu, na ndani yake kitambaa cheusi. Rafiki yangu akalitazama tundu, akanitazama mimi, akasema, "Si uligeuze tu?" Nami kwa akili zangu timamu nikaligeuza. Kweli, tundu likakaa juu ya chemba, halina hata kasoro ya kidole. Ila nyasi zote zimelala kifudifudi, juu tunaangalia plastiki nyeusi yenye vitobo vya kupitishia maji.

Tukaligeuza tena. Nikaamua kulirudisha lile duara mahali lilipotoka: utepe chini, gundi juu ya utepe, kipande juu ya gundi, nikandamize. Wenye ujuzi hupaka gundi kwa ule mwiko wenye meno ili ikae mistari mistari, iwe nyembamba na sawasawa. Mimi nilimimina. Na gundi ya aina ile ukishachanganya makopo mawili haikungoji, inaanza kukaza, na jua likiwa kali ndiyo inakimbia zaidi. Nikapiga magoti juu ya duara nikalikandamiza kwa uzito wangu wote. Gundi ikapanda pembeni ya mkato, taratibu, ikanikuta gotini. Nilihisi umajimaji, nikadhani ni jasho. Nikaendelea kukandamiza, na kumsimulia rafiki yangu jinsi mafundi wa siku hizi walivyo wavivu.

Ndipo nikasikia ndala. Mwendo wa zile ndala naujua. Mama mkwe anatoka, na nyuma yake wageni wawili wa heshima, wanawake wa rika lake, wameitwa waje waone nyasi.

"Baba, vipi huko, mnaendeleaje?"

Mkwe anakuja, unasimama. Nikaweka mikono chini, nikainua goti la kushoto, likaja. Nikainua la kulia. Goti likapanda kidogo, suruali ikapanda, na duara nalo likapanda. Utepe ukafuatia, unavuta nyuzi za gundi. Nikasikia "krrr" chini yangu. Nikateremka tena haraka, kwa adabu, kama mtu aliyekumbuka jambo la kufanya huko chini.

"Shikamoo mama. Tunaendelea vizuri."

"Marahaba. Mbona hapo pameloa?"

Hapakuwa pameloa. Nyasi hizi zina upande wa kulalia, zote zinainamia kunakotakiwa, na ukiweka kipande kimoja kimegeukia kwingine, mwanga unakipiga tofauti, kinaonekana rangi yake peke yake. Nilikuwa nimelirudisha lile duara bila kuangalia linalala wapi. Kwa hiyo katikati ya ua wa kijani kuna sahani ya kijani kilichoiva, na mimi nimekaa juu yake.

"Hapajaloa mama, zimelala upande mwingine."

"Nani kalala?"

"Nyasi, mama."

"Na wewe?"

"Mimi nimepiga magoti kidogo."

Mgeni mmoja akajifunika mdomo kwa kanga. Mama mkwe akaweka mikono kiunoni. Hapo ndipo picha ilipopigwa, na sasa mnaelewa kwa nini kichwa nimekiinamisha: nilikuwa natafuta kwa macho kile kisu. Kilikuwa mbali, karibu na mguu wa mpiga picha, ambaye badala ya kunisogezea alikuwa anapanga mwanga.

"Basi inuka mwanangu, ukae kivulini," mama akasema, kwa huruma sasa, na huruma ilikuwa mbaya kuliko swali.

"Naja mama."

"Inuka."

"Naja."

Njia za kutoka zilikuwa chache. Kuvua suruali mbele ya mama mkwe na wageni wake, hiyo futeni. Kuinuka na duara likining'inia gotini, nikatembea nalo hadi kivulini, niliifikiria kweli, msicheke. Mwisho nikasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama ninayo, "Mama, nimeganda."

Yaliyofuata hayana utamu. Shemeji mdogo akaleta kisu, suruali ikakatwa gotini, nikatoka na dirisha. Gundi iliyobaki kwenye ngozi haikujali sabuni wala maji ya moto. Ikishakaza huitoi, unasubiri ngozi ijivue yenyewe, na mpaka naandika haya bado inajivua. Vijana wale wale wakaitwa tena. Wakakwangua uchafu wangu, wakaliweka duara nyasi zikiangalia zinakoangalia wenzake, wakaunga bila gundi kupanda juu hata tone, kisha wakatoboa penye chemba kwa kupima kutoka kulia zulia likiwa limepinduliwa. Wakamwaga mchanga wa silika, wakausugua kwa ufagio hadi nyasi zikasimama. Hakuna aliyenitupia neno. Mmoja tu aliuliza hiki kitambaa cha suruali kwenye utepe ni cha nani.

Lile duara la pili, lililotoka penye chemba, bado ninalo. Rafiki yangu kanitumia ujumbe asubuhi analiomba, eti alifanye kapeti la mlangoni kwake. Nimemjibu aje alichukue, akija apige magoti kwanza, na simu nitakuwa nimeshika mimi.